Chupa ya Nane

Mwezi uliopita, kwenye stesheni ya Lubudi, nilipoteza nafasi yangu katika foleni ya tikiti kwa sababu ya mzee mmoja mwenye nyundo. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama, naye alitembea kando yake, anagonga gurudumu moja, anainamisha kichwa, anasikiliza, anakwenda kwa la pili. Watu nyuma yangu waliendelea kubishana juu ya vifurushi vyao. Nilichukua mfuko wangu nikatoka nje, nikasimama juani kati ya wanawake wanaouza mihogo, mpaka yule mzee alipomaliza behewa la mwisho.

Nimezunguka sana. Likasi, Kamina, Kasumbalesa, Kalemie, kila mahali nimekaa mwaka mmoja au miwili, nimeuza nilichopata kuuza, kisha nikafunga mizigo. Watu huniuliza ninatafuta nini. Sijui ninachotafuta. Ninachokimbia ninakijua: ni mtu anayegonga kitu na kukisikiliza ili awaambie wengine kama watarudi nyumbani. Baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo, na kwa majuma machache, nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, uhai wake ulikuwa mikononi mwangu bila mtu mwingine kujua.

Ninyi mliokulia Kolwezi wakati ule mnakumbuka jinsi kampuni ya migodi ilivyoacha kulipa. Haikufungwa siku moja. Mishahara ilichelewa mwezi, kisha miezi, kisha ikawa hadithi ya kusimuliwa kwenye bomba la maji. Baba alikuwa ameshika mashine ya kutoboa mwamba tangu ujana wake, mashine ile inayomtikisa mtu mpaka kwenye meno. Alipoona tunakwenda shule na chai bila sukari, alichukua baramini, chuma kirefu cha kuchimbia, akaenda upande wa Mutoshi na wanaume wengine wanne. Walichimba shimo lao kwa mikono, kwanza kwenda chini, kisha kwenda pembeni, wakifuata jiwe la kijani la shaba na jiwe jeusi la kobalti lilikoelekea.

Katika timu ile kila mtu alikuwa na kazi yake. Mkuu wao alikuwa Tata Muteba, tata kwetu ni baba au mzee, ambaye kwa mzaha wa wachimbaji aliitwa PDG, mkurugenzi mkuu, kana kwamba ana ofisi na katibu. Alikaa juu kwenye mdomo wa shimo na kuchunga kamba. Baba yeye aliitwa Sikio. Asubuhi hakuna mtu aliyeshuka kabla yake. Aliingia peke yake na taa, akagonga dari la shimo kwa baramini, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Mwamba mzima hujibu kwa sauti nyembamba inayolia. Mwamba ulioachana na wenzake, ule ambao wakati wowote unaweza kushuka, hujibu kwa sauti nene na kavu, kama ngoma iliyolowa. Wakati huo wote wanaume wa juu walinyamaza. Hakuna mluzi, hakuna wimbo, hata mwenye kikohozi alikohoa ndani ya shati. Kisha sauti ya Baba ilipanda kutoka chini: "Iko muzuri!" Au: "Iko mubaya, mungoje!" Na hakuna aliyebisha.

Walimchagua kwa sababu ya gitaa. Baba alikuwa na gitaa la zamani lenye nyuzi alizotengeneza mwenyewe kwa waya wa breki za baiskeli, na hata hivyo lilikuwa na sauti safi kuliko magitaa ya wengi, maana hakuvumilia uzi uliopotoka hata kidogo. Jioni jua likiwa bado kali, alikaa kwenye kibao uani akapiga, nami nikagonga chupa kwa msumari kushika mwendo, kama wapiga gitaa wa kwetu walivyofanya tangu zamani. Baadaye tukaongeza chupa mpaka zikawa nane, zimetundikwa kwa kamba chini ya paa, kila moja na maji yake. Iliyojaa ilikuwa na sauti nene kuliko zote, na ya nane, ambayo haikuwa na tone, ilikuwa na sauti nyembamba kama ya mdudu. Maji yalikauka kila siku, kwa hiyo kila siku Baba aliyarekebisha kwa kijiko, akisikiliza. Mama alipita na beseni lake akasema, "Wengine banatiaka maji mu chungu. Weye unatia mu muziki."

Tulikuwa na mchezo. Baba aligeukia ukuta, mimi niligonga chupa yoyote, naye alitaja noti yake: do, mi, sol. Hakukosea. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani ana macho kisogoni.

Sasa nieleze nilivyouelewa ulimwengu wakati ule, maana woga wangu ulianzia hapo. Niliamini kwamba mlima waliouchimba una sauti yake, nao haumpi mtu bure. Kila Baba alipogonga, mlima ulijibu, na kila ulipojibu ulichukua kitu kidogo kwa aliyeuliza. Sikuambiwa na mtu. Nilijitungia mwenyewe, nikaamini kabisa, kama watoto wanavyoamini yale waliyojitungia. Kwa hiyo siku moja, katika mchezo wetu, niliposikia Baba anasema, "Piga basi, Kamama," huku chupa ya nane nimekwisha kuigonga, damu ilinikimbia. Kamama, mama mdogo, ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nina jina la mama yake. Niligonga tena, kwa nguvu. "Piga basi," akasema, "ama umelala?" Nikajua mlima umeanza kuchukua. Umeanza na sauti za juu, kama mwizi anayeanza na vitu vidogo vidogo vya rafuni.

Nilicheka kidogo, nikagonga ya tatu. Akasema, "Mi." Mchezo ukaendelea.

Siku zilizofuata Baba alianza kurudi mapema, mikono mitupu. Mwamba ulikuwa mubaya, alisema. Kesho yake tena mubaya. Waliacha upande mmoja wa shimo, wakafungua mwingine, nao ukawa mubaya. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, na majani ya maboga, kisha bukari na chumvi. Siku ya tano au ya sita Tata Muteba alikuja nyumbani mwenyewe, amevaa viatu vyake vya mvua, akakataa kiti.

"Tata Sikio," akasema, "ninakuya kuuliza tu. Mwamba ya Katanga yote imeoza?"

"Mi nasema kile kintu mwamba inaniambia."

"Jirani zetu banachimba metre kumi kutoka kwetu. Mwamba ni ule ule, babu yake ni mumoja. Bao banapandisha mifuko, sisi tunapandisha paka kamba tu." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Ama Sikio amekuwa na bibi mupya mwenye kumukataza kushuka?"

Mama alikuwa anachochea moto. Hakuinua kichwa.

"Muteba," Baba akasema taratibu, "unataka niseme iko muzuri?"

"Mi nataka useme kweli. Lakini woga nayo iko na sauti yake, tata. Inasemaka mubaya, mubaya, paka vile. Angalia vizuri ni nani anasema na weye."

Alipoondoka, Baba alichukua kijiko chake. Kisha akasema, "Kamama, panga chupa."

Haukuwa mchezo tena. Alirekebisha maji kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa, akageukia ukuta, akaweka mikono juu ya magoti. Niligonga ya kwanza, ya nne, ya sita. Alitaja zote. Nikafika kwenye ya nane. Nilitamani niiruke, lakini mkono ulikwisha kwenda. Chupa ililia, nyembamba, wazi, hata kuku aliyekuwa karibu aliinua shingo. Baba alingoja.

"Umepiga?"

Niliyaona mabega yake. Alikuwa mtu mpana, lakini mabega yale yalikuwa ya mtu anayesubiri kuchapwa.

"Bado, Tata," nikasema.

Nikagonga ya pili. "Re," akasema. Nikagonga ya tano, akaitaja.

"Njo zote, hakuna ingine?"

"Zote."

Aligeuka, akanitazama, kisha akapumua kwa kifua chote. "Basi sikio iko muzima," alimwambia Mama. "Muteba anasema kweli. Ni roho yangu njo inaogopa. Roho, tutaichapa fimbo."

Kesho yake alirudi jua likianza kuinama, amejaa vumbi jeusi mpaka kwenye kope, na samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amesema "Iko muzuri." Alisema hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Kila jioni alinitaka nipange chupa, na kila jioni nilimruka mdudu yule wa nane, au niligonga nikasema bado. Nilikuwa nimeushinda mlima, ndivyo nilivyofikiri. Kama Baba hajui ameibiwa, ni kama hajaibiwa. Tulikula. Mdogo wangu alinenepa mashavu. Woga wangu ulikuwa umelala, nami nilitembea polepole nisije nikauamsha.

Aliyeuamsha ni Mwalimu Kayembe. Alitufundisha fizikia katika darasa lisilo na vioo, na vifaa vyake vyote viliingia katika mfuko mmoja wa plastiki. Siku ile alitoa sahani mbili za udongo, nyeupe, zinazofanana. Alizigonga kwa kalamu. Moja ililia muda mrefu kama kengele. Nyingine ilisema *ka*, ikanyamaza.

"Hii iko na ufa," akasema. "Ufa haionekane. Lakini sauti haifichake kintu. Sahani nzima inatikisika yote pamoja, mbio mbio, na ile mbio tunaisikia kuwa sauti nyembamba. Yenye ufa, kila kipande kinatikisika kivyake, kinajigonga na mwenzake, ile sauti nyembamba inakufa, inabakia nene. Mupiga gitaa anajua ile jambo tangu zamani. Mupiga gitaa ni mwanafizikia asiye na diplome, basi."

Darasa lilicheka. Mimi niliinua mkono. Sijui kwa nini niliinua. Nadhani nilitaka kujivunia Baba.

"Mwalimu, na kama mutu hasikie ile sauti nyembamba?"

"Ah." Alipenda swali. "Inafikaka. Mutu mwenye kukaa miaka na mashine ya kutoboa, sauti nyembamba njo zinamutoka mbele. Zile nene zinabakia. Ule mutu, sahani zote mbili kwake ni moja. Zote zitalia kama ile yenye ufa."

"Sawa vile tantine yangu, dada ya mama," mtu akasema nyuma. "Yeye anasikiaka paka 'bukari iko tayari'."

Walicheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika dawati. Hapakuwa na mlima unaoiba. Kulikuwa na mashine, na miaka, na sikio. Na kulikuwa na hesabu ambayo hata mtoto angeweza kuikamilisha: kwa Baba, mwamba wote sasa ulilia mubaya. Alikuwa anasema kweli siku zile tulipokula bukari na chumvi, kweli ya sikio lake. Basi lile neno "Iko muzuri" alilokuwa akiwaambia wenzake majuma mawili sasa, alikuwa analitoa wapi? Halikutoka kwenye mwamba. Alikuwa anagonga, anasikia mubaya, anajiambia ni woga, anasema muzuri. Na aliyemhakikishia kwamba ni woga ni mimi.

Lori lilipita nje limebeba mawe. Ule mngurumo wake niliusikia kama dari linashuka, nikaona akilini vidole vitano vimetokeza kwenye kifusi. Sikuomba ruhusa. Nilitoka nimeshika viatu mkononi.

Kutoka shuleni mpaka Mutoshi kwa miguu ya mtoto ni zaidi ya saa moja. Ninaikumbuka njia ile kwa vipande: vumbi jekundu, mwanamke aliyeniita ninywe maji, mshono wa sketi uliokuwa unakata kiunoni. Nilisali, lakini sala yenyewe ilikuwa mbaya, maana nilikuwa namwomba Mungu aseme "bado."

Mwanamke hakuruhusiwa kukaribia shimo. Walisema jiwe likimwona linakimbia, linazama ndani ya ardhi, na timu inafuata mchanga mtupu. Nilijua hivyo. Kabla sijafika kwenye lundo la kwanza la udongo, mwanamume mmoja alinipigia kelele: "Weye, mutoto mwanamuke! Simama pale pale! Utatukimbizia jiwe!" Niliendelea. Nilimwona Tata Muteba amekaa juu ya mfuko, kamba imezunguka mkono.

"Tata Muteba, baba iko mu shimo?"

"Sasa atakuwa wapi, mu sinema? Rudia nyuma, mutoto, uko wazimu?"

"Batoke. Bote batoke."

Akasimama. "Nani amekufa?"

"Bado," nikasema, na neno lile lilinichoma mdomoni. "Tata hasikie sauti ya juu. Hasikie tena."

"Sikio hasikie," akasema. "Na mi PDG sina ofisi." Wawili wa shimo la jirani waliokuwa karibu walicheka. Kisha aliuona uso wangu. Nilimwambia habari za chupa, zote. Nilivyogonga, alivyouliza, nilivyojibu. Kicheko kilimwishia kidogo kidogo. Alivuta kamba mara tatu, ishara ya kupanda.

Walitoka mmoja mmoja, wakipepesa macho. Baba alikuwa wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya ni kunitazama miguu, iliyokuwa inatoka damu.

"Kamama? Mama yako ana nini?"

Tata Muteba alikuwa ameokota kipande cha chuma na msumari. Alizunguka polepole mpaka akawa nyuma ya Baba, hatua mbili hivi, akagonga. Mlio ulikuwa mwembamba na mkali. Mimi niliusikia mpaka kwenye fizi. Akagonga mara ya pili. Akagonga mara ya tatu. Wanaume wote walikuwa wanamtazama Baba, naye alikuwa ananitazama mimi. Kisha aliwatazama wao, uso baada ya uso.

"Munangoja nini?" akauliza.

Mdogo kuliko wote katika timu alikaa chini, akashika kichwa.

Waliita Sikio wa shimo la jirani, kijana mwembamba aliyekuwa bado anatafuna muhogo. Alishuka. Tulingoja. Baba alisimama peke yake upande wa pili wa mdomo wa shimo, mikono imening'inia, na mimi niliomba, Mungu anisamehe, niliomba kijana yule apande na kusema dari lote limeoza, kwamba lilikuwa limebakiza pumzi moja tu. Alipopanda alijipangusa magoti.

"Iko muzuri," akasema. "Hata kanisa haina plafon ya juu sawa vile ile."

Wanaume walimtazama Baba. Kisha walinitazama mimi. Kisha wakashika vyombo vyao wakashuka, wote isipokuwa yeye.

Shimo lile halikuanguka. Halikuanguka mwaka ule wala baadaye, walipoliacha wenyewe. Jiwe lilipopungua, walisema ni mimi niliyelikimbiza siku ile, na kwa muda mrefu kulikuwa na njia za mtaani ambazo sikupita. Baba alikwenda kuosha mawe mtoni, kazi ya wanawake na watoto, na waliokuwa wakimwita Sikio sasa walimwita Tata Kiziwi, mbele yake, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa waliona hawahitaji kunong'ona. Gitaa alilifunika na gunia. Mama hakunigombeza hata neno moja, nami ningependa angenigombeza. Baba hakusema nami. Aliomba chumvi kupitia kwa mdogo wangu.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoiogopa kuliko mwamba. Mchana kutwa nilijiuliza kama nimeokoa watu wanne au kama nimemzika mmoja akiwa hai, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, maana dari lenyewe lilikuwa limesimama, zima, halina la kusema.

Siku moja ya mvua, mtoni hakukuwa na kazi, tulikula mchana, sote wanne. Bukari, majani ya maboga, chumvi. Baba alifinyanga tonge, akaliacha mkononi.

"Kamama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Ile siku ya kwanza, Muteba alipokuya hapa. Jua ilikuwa nyuma yetu."

Sikuelewa. Nilimtazama mdomo, nikahakikisha naye anatazama wangu, kwa sababu sasa ndivyo tulivyozungumza naye.

"Mi niliangalia ukuta. Kivuli ya zile chupa ilikuwa ku ukuta, zote nane. Weye unasema bado, na ya mwisho inacheza. Kila mara unasema bado, na kila mara inacheza."

Mama aliacha kutafuna.

"Basi ulijua," nikasema. Nilisema kwa nguvu, midomo wazi, asije akakosa hata silabi moja. "Tata, kama ulijua, sababu ya nini ulikuwa unashuka?"

Alitazama sahani ya mdogo wangu, kisha yangu, kisha ya Mama.

"Mulikuwa munakula," akasema.